Weupe Chini ya Wekundu

Njia itokayo Ongata Rongai kwenda Kitengela hupita Tuala, na pale Tuala, kivulini mwa duka la vifaa vya ujenzi, kuna mama wa Kimaasai ambaye hutunga shanga huku akingoja wateja wa maziwa yake. Nilimsalimu "Takwenya," akaitikia "Iko," kisha tukahamia Kiswahili kwa sababu Kimaasai changu kinaishia hapo. Kopo lake lilijaa shanga nyekundu, zote bapa kwa rangi kama vifuniko vya soda. Ushanga mmoja tu ulikuwa wa namna nyingine. Wekundu wake ulikuwa wa kaa lililopulizwa, kana kwamba mna taa ndani. Alisema ulikuwa wa bibi yake, umebaki kwenye kidani kilichokatika zamani. Niliuinua juani nikachungulia tundu lake. Ndani ulikuwa mweupe pe.

Mimi huchora kwa rangi za mafuta, na nimemaliza miaka mingi nikijiuliza kwa nini wanawake waliochorwa Venice karne ya 16 wanaonekana damu ikipita chini ya ngozi zao, ilhali wa kwangu wanaonekana wamepigwa plasta. Jibu lenyewe nimelisoma vitabuni mara nyingi. Kulishika kwa vidole viwili, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Ushanga wa aina ile una historia yake katika lugha yetu. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika kwa njia za misafara, aliandika majina ya shanga za biashara kama alivyoyasikia kwa watu wa safari. Ule mwekundu juu, mweupe ndani, uliitwa samesame. Uliitwa pia kimarapamba, jina ambalo yeye alilifasiri kuwa kinachomaliza chakula. Pamba hapa ni ile ya Kiswahili cha zamani, yaani masurufu ya safari, wala si ya godoro. Jina la tatu ndilo ninalolipenda: kivunjamji. Wanawake wakiuona, mji hauna amani tena. Sijui tangazo la vipodozi la siku hizi lililowahi kusema mengi hivyo kwa neno moja.

Shanga nyingi za misafara zilitoka Venice, na moyo wa ufundi huo ulikuwa kisiwa cha Murano, mahali tanuri za kioo zilikohamishiwa kwa amri mwaka 1291. Fundi alichota bonge la kioo cheupe, akaliachia uwazi katikati, akalichovya kwenye kioo chekundu kinachopenya mwanga. Kisha watu wawili walishika ncha mbili na kuachana mbio, kila mmoja upande wake, mpaka bonge likanyooka na kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita. Mrija ulikatwakatwa, na vipande vikazungushwa motoni hadi kingo zikalainika. Tundu lililo katikati ya ushanga ni ule uwazi wa bonge la kwanza, uliovutwa bila kuzibwa.

Kwa nini kujisumbua na vioo viwili? Bei ni sababu mojawapo: kioo chekundu angavu cha hali ya juu kilipata rangi yake kwa dhahabu, hivyo ganda jembamba lilitosha. Sababu ya pili ndiyo inayomhusu mchoraji. Kioo chekundu kitupu ukikiweka juu ya kitu cheusi hufifia, kwa kuwa mwanga huingia usirudi. Weupe wa ndani huusukuma mwanga utoke tena. Kwa hiyo mwanga hupita kwenye wekundu mara mbili, unapoingia na unapotoka, na jicho hupokea rangi iliyochujwa mara mbili bila kupungukiwa na nguvu. Ndiyo ile taa niliyodhani imo ndani.

Sasa tuvuke maji kidogo, tutoke Murano tuingie Venice mjini, turudi nyuma karne tatu. Humo Tiziano alikuwa akichora wanawake kwa kanuni iyo hiyo. Turubai yake ilianza na jasi na gundi. Juu yake aliujenga mwili kwa rangi nyeupe ya risasi iliyotiwa zingefuri kidogo, rangi nzito isiyopenya mwanga. Ikikauka, alipaka juu yake utando wa rangi nyekundu iliyotolewa kwenye wadudu, ikagandishwa kwa shabu, ikasagwa na mafuta. Rangi hiyo ni angavu kama chai ya rangi kwenye glasi. Venice ilikuwa na wafanyabiashara waliouza rangi tu, na hilo lilikuwa jambo la pekee. Katika miji mingine ya Italia mchoraji alizinunua rangi kwa muuza dawa.

Shavu la mwanamke katika picha ya Tiziano, basi, ni ushanga wa samesame uliotandazwa: weupe chini, wekundu juu, mwanga ukienda na kurudi. Marco Boschini, aliyeandika mwaka 1674, anasimulia alivyoambiwa na mwanafunzi wa Tiziano kwamba mzee huyo alizigeuza picha zake zitazame ukuta kwa miezi, kisha akazirudia na kuzikagua kama mtu anayemkagua adui. Anasema pia kwamba mwishoni alifanya kazi kwa vidole zaidi kuliko brashi. Hilo naliamini. Utando wa rangi ukiupangusa kwa kidole huwa mwembamba pembeni na mnene katikati, na ndivyo damu inavyopanda shavuni.

Mtaalamu wa Kitoskana aliyeitwa Agnolo Firenzuola aliandika majadiliano juu ya uzuri wa wanawake, yaliyochapishwa mwaka 1548 baada ya kufa kwake, na humo akapima kila kitu: paji, pua, kidevu, wekundu wa shavu unavyopaswa kuzidi unapoelekea katikati. Ni kitabu cha kuchosha kidogo, kama wazee wanaojadili ng'ombe wa mahari bila kumtaja binti. Lakini ukikisoma ukiwa mchoraji unagundua jambo. Nusu ya sifa anazozitaja ni sifa za rangi angavu juu ya msingi mweupe. Uzuri aliousifu na ufundi uliokuwapo vilikuwa vimelingana, na ni vigumu kusema kipi kilimzaa mwenzake. Ngozi nyeupe ilisifiwa, ndiyo. Lakini pia ndiyo ngozi ambayo zana zile ziliiweza.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Nilijifunza kuchora kwa kanuni hizo hizo, kama wengi wetu, nikiwa na mrija wa rangi ulioandikwa kuwa ni rangi ya ngozi, ngozi ambayo katika basi zima la kwenda Rongai hutaiona. Nilimchora jirani yangu, mwanamke wa Kimaasai mwenye kichwa kilichonyolewa kikang'aa. Nilianza na msingi mweupe. Nikatandaza kahawia angavu, tabaka baada ya tabaka, kama nilivyofundishwa. Kila tabaka lilipoongezeka weupe wa chini ulizidi kunyamaza, mpaka picha ikawa shimo. Nikajaribu kuiokoa kwa kuchanganya nyeupe kwenye kahawia ili nipate sehemu za mwanga. Yeyote aliyewahi kufanya hivyo anajua kilichotokea: alitoka na rangi ya majivu, kama mtu aliyetembea kutwa kwenye vumbi bila kupaka mafuta. Aliitazama picha, akacheka kwa adabu, akaniuliza kama nilimchora siku anaumwa.

Kosa halikuwa mkononi. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kutoka chini ya uso wake, ndiyo maana utando juu ya weupe huiiga vyema. Ngozi nyeusi huumeza mwanga mwingi unaoingia. Uzuri wake huonekana zaidi kwenye mwanga unaogonga juu na kuruka, yaani mng'ao. Na mng'ao hauna rangi ya ngozi. Una rangi ya kinachomulika. Mchana wa Kajiado, paji la uso la mwanamke aliyesimama nje lina kipande cha buluu, kwa sababu ni anga lenyewe limejitazama pale. Chini ya taya mna rangi ya udongo wa ardhini. Anayechora paji hilo kwa kahawia iliyotiwa nyeupe amechora kitu kisichokuwapo.

Joy Adamson alikutana na kizingiti hiki kwa zana nyingine. Kabla ya simba wake kumpa umaarufu alikuwa mchoraji wa maua, na mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa akatoa mamia ya picha, na baadhi aliziweka katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Kenya. Nyingi zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Alitumia rangi ya maji, na rangi ya maji ni utando mtupu: karatasi ndiyo weupe wa chini, ndiyo moyo wa ushanga. Anayechora ngozi nyeusi kwa rangi ya maji hana nafasi ya kukosea, kwa sababu mng'ao lazima uachwe. Hupaki nyeupe mwishoni. Unaizunguka tangu mwanzo ukijua itakapokuwa. Kwa maoni yangu mapambo ameyaweza kuliko nyuso. Ushanga kwa ushanga, yupo. Anapofika machoni huwa kama bado anachora ua. Lakini kwa jambo moja namvulia kofia: hakumpaka mtu majivu.

Dawa ya rangi ya mafuta nayo ilikuwapo Venice kwenyewe, ila hatukufundishwa. Tintoretto, aliyemfuata Tiziano, mara nyingi alianza na msingi wa kahawia iliyoiva badala ya weupe. Ukianzia pale, giza tayari unalo bila kulijenga, na kazi yako inakuwa kuleta mwanga mahali pachache. Nilipomchora jirani yangu mara ya pili nilianza na udongo mwekundu ulioungua, nikaacha sehemu kubwa ya uso ibaki vile ilivyo, nikaongeza kivuli chenye joto kwa utando mwekundu, na mwisho kabisa nikaweka michapo minne ya buluu iliyopauka: paji, ncha ya pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Michapo minne. Kazi ya wiki mbili ikakamilika kwa dakika kumi.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kimepungua, na nilikielewa nilipoacha kutazama uso nikatazama shingo.

Wamaasai walikuwa wamelijibu swali hili zamani, bila turubai. Kwanza ni olkaria, ngeu nyekundu inayochanganywa na mafuta ya mnyama na kupakwa mwilini wakati wa sherehe. Neno hilo wasafiri wa Naivasha wanalijua kutokana na mitambo ya umeme wa mvuke. Ngeu ni udongo, haipenyi mwanga, kwa hiyo peke yake ni kavu kama ukuta. Mafuta ndiyo yanayoleta mng'ao. Wekundu hutoka kwenye udongo na mwanga hutoka kwenye mafuta, kila kimoja kazi yake. Nywele zinanyolewa, kwa hiyo hakuna fremu ya kuuzunguka uso. Kichwa kinabaki umbo tupu, yai lenye mwanga juani, na uso wote unategemea kinachowekwa chini yake.

Kinachowekwa ni kidani bapa, sahani ya shanga inayokaa mabegani. Ufundi wake si mdogo. Shanga hutungwa kwenye waya, duara ndani ya duara, na ili maduara hayo yasipandane hupitishwa vipande vyembamba vya ngozi vilivyotobolewa kwa nafasi sawa. Siku hizi ngozi imeshindwa na plastiki iliyokatwa kwenye mitungi. Vipande hivyo ndivyo mihimili. Bila hivyo kidani hulegea kikawa mkufu wa kawaida. Kwa sababu ni kigumu, mwanamke anapopandisha mabega katika ngoma kidani kizima huruka na kurudi, na weupe uliomo hurusha mwanga chini ya kidevu chake. Mpiga picha wa harusi hununua kitambaa cheupe kilichozungushiwa waya ili apate mwanga huo huo.

Wachoraji wa Ulaya waliutafuta kwa kola ya kitani. Katika ile picha mashuhuri ya Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu, ya mwaka 1665 hivi, lulu yenyewe karibu haipo: ni mchapo mmoja mzito wa nyeupe juu, na ukungu mwembamba chini ambao ni taswira ya kola yake. Makumbusho ya Mauritshuis yaliichunguza upya mwaka 2018 na kukuta kwamba haina hata kulabu ya kuning'inizia sikioni. Kola ndiyo inayowasha lulu, na lulu ndiyo inayotufanya tuuone uso. Mama wa Tuala hajaiona picha hiyo, lakini mstari wa nje wa kidani alichokuwa akitunga ulikuwa mweupe.

Kisha kuna mpangilio wa rangi. Kwenye kidani kile buluu ilikaa na chungwa, nyekundu na kijani, na kila palipokutana vipande vikubwa kulikatwa kwa nyeupe au nyeusi. Michel Eugène Chevreul aliifikia kanuni ya jambo hilo akiwa msimamizi wa kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba sufu yake nyeusi ni dhaifu ikiwekwa kando ya buluu. Aliipima akaona haina kasoro. Jirani ndiye aliyekuwa akiibadilisha machoni. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu rangi na majirani zake. Weka chungwa kando ya buluu, kila moja humkuza mwenzake. Weka uso mweusi juu ya duara lenye weupe, na weusi wake unapata kina usichoweza kukipata ukiwa peke yake.

Kwa jicho hilo nilimrudia Tiziano nikamwona upya, na safari hii sikufurahi sana. Katika picha yake ya Diana na Actaeon, aliyoichora kati ya 1556 na 1559 kwa ajili ya mfalme wa Hispania, kando ya Diana yuko mwanamke Mwafrika anayemsaidia kujifunika. Amechorwa kwa heshima, vazi lake la mistari ni zuri kuliko kitu kingine chochote pale. Lakini kazi aliyopewa ni ya jirani wa Chevreul: weupe wa Diana umekopwa kwake. Wakati huo huo huku kwetu hesabu hiyo hupigwa kinyume. Weupe ndio mtumishi, uko mabegani, na mwenye uso ni mweusi.

Pwani walikuwa na njia yao ya tatu, na mchoraji hana la kuifanya. Mwana Kupona, alipomwandikia binti yake utendi mwaka 1858, alimwelekeza ajipambe kwa mengi yanayonukia. Huwezi kuchora udi.

Siku ile Tuala nilitaka kuununua ushanga wa bibi. Mama alikataa, na nilijua atakataa. Akanielekeza niende kwa watu wa vioo kule ng'ambo ya bonde, akimaanisha karakana za Kitengela alizozianzisha Nani Croze pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, ambako vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa huyeyushwa zikawa glasi, vigae na shanga. Nilikwenda. Shanga zao ni angavu tupu, na ukiziweka dirishani ni furaha. Shingoni pa mtu mweusi huzima, kama ile kanuni ya kioo kitupu juu ya cheusi inavyosema. Fundi kijana aliyekuwa zamu alinisikiliza nikieleza juu ya moyo mweupe, akasema jambo gumu ni vioo viwili kusinyaa kwa kadiri moja vinapopoa, la sivyo ganda hupasuka. Nilimpa mrija wa rangi kama zawadi. Ule ulioandikwa rangi ya ngozi. Anaweza kuupakia lango.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mama na picha ya tatu, ambayo sasa ina kidani. Nilikuwa nimekitunga kwa brashi kwa siku tisa, utando mwekundu juu ya weupe, ushanga mmoja mmoja, na niliamini uso umepata mwanga wake. Aliitazama kwa muda. Usoni hakusema kitu, naona aliupitisha. Alishuka na kidole kwenye kidani, duara la kwanza, la pili, akasimama penye kijani nilipokifuatanisha na chungwa bila kukata kwa nyeupe.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni ya jirani yangu, ameolewa, ana watoto.

"Yeye mwenyewe namwona," alisema. "Hii kidani ndiyo haina mwenyewe. Na surutia zake za masikio ziko wapi?"

Sikuwa nimezichora hereni hizo za mwanamke aliyeolewa. Zilikuwa zikinifichia mstari wa taya.